Barua ya wazi kwa dadangu aliyezima santuri ya Mzee

Dada, shikamoo.

Najua hii itakufikia, manake binti wa mama mdogo ndiye mpelelezi wako, kila ninachoandika anakutumia, haya mwambie akutumie na hii. Simu zako sipokei na sababu unaijua. Kwa simu hunishinda, ukianza kulia mimi hunyamaza, mambo yanaishia hapo na mwenye kosa anakuwa mimi. Hapa utasoma mpaka mwisho, kama mara hii utaweza kufika mwisho wa kitu.

Watoto hawajambo? Yule mdogo kifua kimepona? Mpake ile mafuta ya karafuu Mama aliyokupa, usisikize madaktari wa huko peke yao.

Ujumbe wako Mama kanifikishia. Eti watoto wa Mzee, Mtaliano wetu tuliyemfanyia kazi Malindi, wewe jikoni mimi getini, wanaiulizia sahani ya Pawn Hearts ya Van der Graaf Generator, ile bendi yake, wameambiwa na mtu huko kwamba chapa ya mwanzo ya 1971 ina soko, na eti mimi ndiye niliyeichukua. Nitafika hapo. Tuanze na ile siku ya kumuaga.

Mzee alisema mbele yako na mbele yangu, pale barazani, hata kuongea kulikuwa kazi. Alisema siku yangu msiniwekee kwaya, niwekeeni mnara wa taa, upande mzima. Upande mzima, dada. Na wewe ukajibu sawa Mzee, ukamrekebisha mto. Upande mzima wa sahani ile ni wimbo mmoja, A Plague of Lighthouse Keepers, dakika 23, na wewe ulikuwa unajua ni dakika 23 kwa sababu ndio ulikuwa unapimia wali.

Basi tukapanga viti chini ya mwarobaini, nikatoa spika nje, nikaifuta sahani kwa kile kitambaa chake alichokuwa hataki kiguswe na mtu. Watoto wake wamevaa nyeusi joto lote lile, mumeo yupo, padri yupo, majirani, na wale wazee wenzake wa Ijumaa waliobaki, waliokuwa wakija kusikiliza sahani naye, wamekaa mbele kabisa kama... acha tu, wamekaa mbele. Nikashusha sindano. Na ilianza vizuri, wewe mwenyewe uliona, ile sauti ya mwimbaji wao Peter Hammill ya chini chini, mlinzi wa mnara yuko peke yake anatazama bahari, ameona watu wakifa majini na hakuweza kumwokoa hata mmoja, usingizi hapati, halafu kile kinanda cha Hugh Banton kinaguna kama honi ya meli kwenye ukungu. Padri akawa anatikisa kichwa. Na hakukosea, Banton si alisomea kinanda cha kanisani, na baadaye akawa fundi wa kuunda vinanda vyenyewe.

Ikafika pale pa vurugu. Piano inazunguka kama imeshikwa na kimbunga, dramu za Guy Evans huku, saksafoni za David Jackson kule, mbili kwa mpigo mdomoni, na Hammill anapiga kelele za mtu anayezama. Nikaona yule binti mkubwa wa Mzee anatazama simu. Mwingine akamnong'oneza mumeo. Hakuna aliyekwambia zima, dada. Nimejiuliza sana pengine kuna aliyekupa ishara nami sikuiona, lakini nilikuwa nimekaa pale pale kando ya santuri, hakuna. Uliinuka mwenyewe, ukaja na tabasamu lile la kupokelea wageni, ukaunyanyua mkono wa santuri ovyo, krrrr, halafu ukawageukia ukawaomba radhi kwa Kitaliano.

Ukaomba radhi! Mzee hana hata wiki tangu atutoke, uani kwake, kwa sahani yake.

Na hukuzima pengine popote, ulizima pabaya zaidi. Zilibaki dakika kama nane hivi na ndizo zenye kitu. Wewe unaijua ile sehemu ya mwisho, baada ya vurugu zote mlinzi anatulia, kinanda kinapanda pole pole, sauti zinakuwa nyingi, na gita la Robert Fripp aliyekuja kuwasaidia linaingia pale mwisho. Kama amekufa au amekubali kuishi wale wazee walibishana miaka na miaka hawakukubaliana, lakini amepumzika, hilo hakuna aliyelikataa. Kwa hiyo watu wote waliokuja kumuaga Mzee wamesikia wazimu tu, kupumzika hawakukusikia. Wamerudi kwao wanasema baba alikuwa anapenda makelele. Yule jirani wa nyuma ndio kabisa, mpaka leo anauliza zile nyimbo za kutoa mashetani ziliishia wapi. Ungewapa dakika nane. Kuku hakuwa ameiva hata.

Ndio maana niliondoka kabla ya chakula. Wanasema niliwaaibisha, mimi sikumwaibisha mtu, nilifunga spika zangu nikatoka getini kama nilivyozoea kutoka getini siku zote.

Unajifanya ulikuwa huipendi ile bendi. Sawa, mwanzo kila mtu alicheka. Sisi tuliwaita watu wa Jenereta, Van der Graaf Generator jina lilikuwa refu, na stima ikipotea Malindi nzima wewe ulikuwa unasema haya Mzee waite jamaa zako. Ukisikia Hammill amepandisha unatoa kichwa jikoni, leo wamemchinja nani? Mzee anacheka mpaka anakohoa. Lakini ni nani aliyekuwa anasubiri The Sleepwalkers, kule kwenye sahani yao ya Godbluff ya 1975? Katikati ya wimbo wa giza vile ghafla inaingia cha-cha, cha-cha kabisa, na wewe ulikuwa unatoka jikoni na mwiko mkononi unaicheza barazani na wale wazee wanakupigia makofi. Nilikuwa nakuona kutoka getini. Mumeo uliwahi kumwonyesha ile cha-cha? Sidhani.

Zile Ijumaa mimi ndizo zilizonilea. Soja wa usiku hana shule nyingine. Waitaliano wanne watano, wote wana mvi, wote walikuwa vijana wa shule mwaka 1972 bendi ilipokwenda Italia, na wanasimulia kama watu waliopigana vita. Hadithi ya Mzee sikuwahi kuichoka. Kwamba wale ni Waingereza, bendi ilianzishwa chuo kikuu cha Manchester mwaka 1967, na kwao Uingereza ilikuwa ya watu wachache, wamepangwa safari moja na bendi za Genesis na Lindisfarne mwaka 1971, tiketi shilingi sita za kizamani ili maskini naye aingie, na bado majina makubwa yakawa ya wengine. Halafu Pawn Hearts ikatoka, Uingereza haikwenda popote, Italia ikashika namba moja wiki 12. Wiki kumi na mbili, dada, sahani yenye nyimbo tatu tu na mmoja wa dakika 23 kuhusu mlinzi wa mnara anayetaka kufa! Mzee alikuwa anasema walifika kule wakidhani wanakwenda kupigia kumbi ndogo, wakakuta vijana wamejaa wanalia. Na kufika Agosti mwaka ule ule bendi ikavunjika, uchovu na hela hakuna. Yeye alikuwa anasema neno "Agosti" kama amefiwa.

Halafu ubishi. Mmoja Godbluff, mmoja Still Life, Mzee na Pawn Hearts yake hasogei. Mmoja anasema Nic Potter asingeondoka 1970 wangekuwa na besi ya maana, mwingine anaruka, besi ya nini, Banton anaipiga kwa miguu! Na gita hamna, au kidogo sana, bendi ya roki isiyotegemea gita, hilo lilikuwa fahari yao kubwa. Na kila Ijumaa lazima atokee wa kukumbusha kwamba John Lydon wa Sex Pistols, yule yule ambaye watu walidhani amekuja kuzika miziki mirefu, alipoitwa redio ya London mwaka 1977 kucheza nyimbo anazozipenda akacheza za Hammill. Kila Ijumaa. Wanaambiana wao kwa wao kitu wanachokijua wote, na wanashangaa upya.

Na safari ya London umeisahau? Hammill alishikwa na moyo mwishoni mwa 2003, Mzee akawa kama anaumwa yeye, halafu zikaja habari wanarudi wote wanne, Royal Festival Hall, tarehe 6 Mei 2005. Ulimpigia pasi shati jeusi. Alirudi hana sauti. Kanda ya usiku ule ilipotoka 2007 akatuita wote sebuleni, ukaambiwa uzime jiko manake samaki anakaanga kwa kelele, akatuwekea ule mwanzo watu wanapokea bendi, ukumbi mzima unanguruma, akanyoosha kidole, hii hapa sauti yangu, hii! Nani ataijua sauti moja kati ya maelfu. Wewe ukasema ndio Mzee, tumeisikia. Ulisema hivyo kwa mapenzi, usinidanganye kwamba ilikuwa kwa mshahara.

Sasa mtu aliyezima jiko ili asikike, anamzimaje siku ya kuagwa?

Nikupe ushauri, ingawa mimi ni mdogo. Ukweni usijikunje. Ukishawaonyesha watu kwamba unaona haya kwa niaba ya kitu, nao wataanza kukionea haya, na kesho kutwa kitu chenyewe ni wewe. Wale hawakukuoa kwa sababu unajua kunyamaza. Mimi hata siku moja sikujikunja mbele yao, ndio maana walivyokuja kugawana vyombo sikuomba kitu, sikusimama na kofia mkononi, nilichukua changu nikaenda.

Haya, sahani. Mzee aliniambia hii ni yako, usiku, mimi nikiwa zamu, yeye amekosa usingizi amekuja kukaa na mimi getini na thermos ya kahawa kama alivyokuwa akifanya. Hakuandika. Mimi na yeye hatukuwa watu wa kuandikiana. Akasema, wewe na yule mlinzi mnafanya kazi moja. Nilicheka lakini ni kweli, mtu anayekaa macho usiku kucha kwa ajili ya wengine halafu asubuhi hakuna anayeuliza aliona nini, kule wimboni sikuhitaji kueleweshwa Kiingereza. Sasa niambie watoto waliokuja siku nne wakalalamika mbu, na wanaodhani lile ni jalada la mchezo wa kitoto kwa sababu lina watu wanaelea angani ndani ya kete za sataranji, wao ndio warithi wa ile sahani? Wapewe nyumba, wamepewa. Wapewe gari, wamepewa. Nyinyi wengine mnaosoma semeni wenyewe, niliiba?

Halafu waambie soko halipo. Ina mkwaruzo. Wakikuuliza umetoka wapi wajibu wewe.

Nilivyokosa kuja uwanja wa ndege Mombasa kukusindikiza, hilo nalo umelisema kwa watu. Dada, ningekuja ningefanya nini, nikubebee mkoba huku mumeo ananiita guardiano, yaani soja kwa Kitaliano chao, mbele ya watu kama nilivyokuwa nikiitwa na wageni? Mzee hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja. Afadhali nilivyokaa. Na wewe usingenitambulisha, ungetabasamu lile tabasamu.

Wale wazee wa Ijumaa wamebaki wawili, mmoja haoni vizuri. Wanakuja kwangu sasa, chumba kimoja, wanakaa kitandani, wanalalamika kwamba chai yangu ina tangawizi nyingi. Tulicheza upande mzima Ijumaa iliyopita. Pale penye mkwaruzo wako inaruka, inabidi niisogeze sindano kwa kidole, na yule asiyeona anasema kwa Kiswahili kibovu chake, mama wa cha-cha amepita hapa. Hawakukukasirikia, wanakuulizia. Mimi ndiye mwenye hasira, na ni haki yangu.

Desemba Mama anasema mnakuja. Sawa, njoo, watoto nataka kuwaona. Lile la radhi kwa Kitaliano sitaki ulielezee, utaniudhi upya, keti tu Ijumaa moja na wazee wale dakika zote 23 na mumeo abaki hotelini. Na kabla hujapanda ndege uniletee sindano ya santuri, za huku ni feki zinakula sahani. Picha ya kichwa chake nimeituma kwa binti wa mama mdogo. Ile ya duara, usije ukanunua ya bei rahisi.