Shimo la choo halichimbwi kwa ahadi

Mhariri,

Mimi ni mhasibu wa shirika dogo la misaada hapa Kasulu, mwaka wa 11 sasa. Tunashughulika na maji na vyoo, kwa wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu na kwa wenyeji wa vijiji vya upande wa Makere. Msimu wa kupanga bajeti umefika, nami naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa moyoni.

Mwaka mmoja mfadhili alituandikia kwamba atatoa fedha za vyoo. Ilikuwa barua pepe tu, mkataba haukuwapo. Nikaambiwa niziingize kwenye mapato, nikaziingiza kwa mkono wangu. Agosti, udongo ukiwa mkavu, vijana wakachimba mashimo 36. Fedha za saruji na nondo za kufyatulia mabamba ya kufunikia zilikuwa zije Septemba. Hazikuja. Mvua za kwanza zilipoanguka, kingo zikaanza kubomoka. Tukawa tunahangaika kukata miti na miiba tuyazibe mashimo, watoto wasije wakatumbukia. Bibi mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mwanangu, mlikuja kutuchimbia choo au mtego?" Nilimwomba radhi, sikuwa na la kuongeza.

Wenzangu walisema ni bahati mbaya. Mimi sikubali, hasa kwa sisi wa Kigoma ambao tumeona fedha za misaada zikiyumba miaka yote. Mwaka 2023 mgao wa chakula kambini ulishushwa hadi nusu ya kiwango kinachotakiwa kwa sababu michango ilipungua. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na hata kazi zenye mikataba iliyosainiwa zikaamriwa zisimame. Basi kama saini yenyewe haitoshi, barua pepe ni nini?

Tangu yale mashimo, bajeti yangu ina safu tatu: fedha zilizo benki, zilizosainiwa, na zinazotarajiwa. Kila kazi naiuliza swali moja: ikisimama katikati, nani ataumia? Mafunzo ya kunawa mikono yakikatika mwezi wa 3, waliokwisha kufundishwa wanabaki na walichojifunza. Hayo naweza kuyaanza kwa fedha iliyosainiwa. Lakini shimo, kisima, au mtoto mwenye utapiamlo aliyeanzishiwa lishe ya dawa, hapo sikubali jembe liguse ardhi wala kopo lifunguliwe kabla fedha ya kumalizia haijaingia benki. Wakurugenzi wengi hawapendi hesabu hii, kwa sababu bajeti inaonekana ndogo mbele ya wafadhili. Iwe ndogo.

Kwa wafadhili nina ombi moja. Mikataba mingi inatutaka turudishe kila shilingi iliyobaki mwisho wa mwaka, na mwaka wenyewe ni wao. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Marekani unaishia Septemba 30, wa Umoja wa Mataifa Desemba 31, wakati sisi mvua zinatufunga kuanzia Oktoba hadi karibu Mei. Fedha ikifika Novemba na kutakiwa iishe Desemba, tutajenga nini kwenye tope? Turuhusiwe kuweka akiba, hata ya miezi 3 tu. Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliafikiana kwamba ifikapo 2020 angalau robo ya fedha za dharura iwafikie watoa misaada wa ndani ya nchi. Robo hiyo haikufikiwa, na sisi tusio na akiba ndio wa kwanza kuacha kazi njiani.

Bodi yetu inakaa wiki ijayo. Nimeombwa vyoo 40. Nitapeleka 12, na saruji ya mabamba yake yote 12 imeshalipiwa.

Mhasibu,
Kasulu, Kigoma