Dawa ya mmea isiyoyeyuka haimfikii mgonjwa

Mhariri,

Mimi ni mfamasia hapa Mbeya, na naomba nafasi nieleze jambo linalosahaulika kila tunapojadili dawa za mimea. Mjadala huishia kwenye swali la mmea gani unatibu nini. Ni nadra mtu kuuliza kama kiini cha dawa kilichomo kinayeyuka katika maji, ingawa dawa ya kumeza isiyoyeyuka tumboni hutoka na kinyesi bila kuingia kwenye damu.

Tazama manjano yanayouzwa soko la Mwanjelwa. Ukikoroga unga wake katika maji baridi, baada ya muda unatuama chini ya kikombe. Ukiutia katika mafuta ya moto, rangi inaenea mara moja. Kurkumini, kiini cha manjano ambacho ndicho kinachosifiwa, huyakataa maji hivyo hivyo, na hata kile kidogo kinachofyonzwa hubadilishwa upesi na utumbo na ini, kiasi kwamba matokeo mazuri ya maabara hayawezi kuwa ahadi kwa anayekunywa manjano kila asubuhi.

Kwa upande wa malaria, kikwazo hiki kilivukwa. Artemisinini, iliyotolewa katika mmea wa Kichina wa jamii ya pakanga mwaka 1972 na kikosi cha mwanasayansi wa China Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta. Wanakemia waliigeuza ikawa artemetha, inayokubali mafuta (wauguzi wetu huagiza dawa mseto, yenye artemetha na lumefantrini, iliwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, hasa ili lumefantrini ifyonzwe vizuri), na artesuneti, inayoweza kuandaliwa kuwa sindano ya mshipa na ambayo imechukua nafasi ya kwinini katika malaria kali. Watoto wengi wako hai kwa sababu ya kazi hiyo.

Njia nyingine ingetufaa zaidi sisi wa nyanda za juu. Saiklodekstrini, zinazojulikana tangu 1891, hutengenezwa kwa wanga, ukiwemo wa mahindi, kwa kutumia vimeng'enya vya bakteria. Ni pete za glukosi 6, 7 au 8. Ndani huhifadhi kiini kisichopenda maji, nje hupatana na maji. Mahindi tunayo, kuanzia Mbozi hadi Iringa.

Ninaviomba vyuo vyetu na watafiti wa afya waliopo Mbeya wapime uyeyukaji mwanzoni kabisa mwa kila utafiti wa mmea wa dawa, kabla fedha hazijaishia kwenye majaribio ya wanyama, na wafadhili wakubali kugharimia kipimo hicho.

Mfamasia,
Mbeya