Kanga juu, suti chini: tunavyopanga begi la uzazi hapa dukani

Usiku ule mdogo wangu alipojifungua, mimi ndiye niliyekaa na begi kwenye benchi nje ya leba. Tulikuwa tumelijaza kwa miezi mitatu, kitu kimoja kimoja, na tulikuwa na hakika hatujasahau chochote. Nesi akafungua mlango nusu, akanyoosha mkono. "Kanga ya mtoto." Nikavuta zipu. Juu kabisa kulikuwa na suti ya rangi ya maziwa yenye kofia ya masikio. Chini yake viatu vya kufuma, blanketi zito, poda, chupa mbili za kunyonyeshea. Kanga zilikuwa mwisho kabisa, bado zina mikunjo ya dukani. Nikampa moja. Hazikupita dakika mbili akarudi nayo. "Hii ina dondo, hainyonyi maji. Nipe iliyofuliwa." Hatukuwa nayo. Nikajitandua kanga niliyokuwa nimejifunika nikampa hiyo.

Mtoto alitoka salama, na siku hizi anakuja mwenyewe dukani kuomba pipi. Lakini tangu usiku ule hatumfungashii mama kijacho begi kwa uzuri. Tunalipanga kwa zamu ya kutumika: kinachoitwa kwanza na nesi kikae juu, cha safari ya kurudi nyumbani kikae chini.

Wateja wengi hushangaa tunapoanza na kanga kabla ya nguo za mtoto. Sababu ni kwamba mtoto huzaliwa amelowa. Hata hapa Kigoma mjini, ambako mchana jua linatutoa jasho, mtoto mchanga aliyelowa hupoteza joto haraka sana, na mwili wake unatakiwa ubaki kati ya nyuzi joto 36.5 na 37.5. Ndiyo maana mkunga humfuta papo hapo, akaiweka kando ile kanga iliyolowa, akamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, akamfunika kwa kanga nyingine kavu na kumvisha kofia. Hapo kanga mbili zimeshatumika na mtoto hajamaliza hata kilio cha kwanza. Bado ya kutandika, ya mama kujifunga, ya kujifunika na moja ya akiba. Kwa hiyo tunasema doti tatu, yaani kanga sita. Kama nyumbani unazo kuukuu ambazo bado ni nzima, hizo ndizo bora zaidi, na tutakuuzia zile zinazopungua tu.

Ukinunua mpya, usiifungashe kama ilivyo. Iloweke usiku kucha, ifue kwa sabuni ya mche, isuuze, kisha rudia tena. Utaijua iko tayari kwa kudondoshea tone la maji: kanga yenye dondo huliacha tone likiteleza juu yake, iliyofuliwa vizuri hulinyonya hapo hapo. Ianike juani, halafu ipige pasi pande zote mbili na kwenye mapindo. Hii ya pasi si urembo. Kuna inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi na kuleta uvimbe kama jipu. Joto la pasi ndilo linaloyaua mayai hayo. Nguo zote za mtoto zipite hapo, na nepi pia.

Vifaa vya leba vyenyewe, yaani glovu, pamba, wembe mpya, kibana kitovu na mpira wa kutandika kitandani, sisi hatuviuzi. Vinunue duka la dawa, viwe kwenye pakiti zake ambazo hazijafunguliwa, na uulize kliniki unakohudhuria wanataka vipi na vingapi, kwa sababu orodha hutofautiana kituo na kituo. Tuletee hiyo orodha. Tutakuachia nafasi yake juu ya kanga.

Nepi ndizo zinazoleta mabishano. Mtoto mchanga anaweza kubadilishwa mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, usiku ukiwemo. Kiangazi, nepi dazeni mbili za kitambaa zinatosha kwa sababu asubuhi unafua na adhuhuri zimekauka. Masika ni habari nyingine. Kuanzia Novemba mvua zikishika, kamba inakaa na nepi mbichi siku mbili, na nepi isiyokauka vizuri inamchubua mtoto. Kama unatarajia kujifungua miezi hiyo, ongeza dazeni moja, au chukua kanga za bibi zilizolainika, zikate vipande vya mraba na upinde kingo. Mama yangu anawapindia wateja kwa cherehani yake hapo nje ya duka, na kusema kweli hatujapata kitambaa cha dukani kinachoshinda kanga kuukuu kwa ulaini. Pampasi, chukua pakiti moja ndogo ya watoto wachanga kwa ajili ya hospitali na safari. Usijaze kabati, maana mtoto anakua na ile saizi inamkataa mapema.

Nguo anazohitaji ni chache: vesti nne au tano, magauni mepesi ya kufunga kamba matatu, kofia mbili, soksi pea tatu, shali moja. Wenzetu wa Kasulu, Buhigwe na Kibondo, ambako asubuhi kuna baridi, waongeze sweta mbili na blanketi. Wa mjini na wa mwambao, blanketi zito liacheni. Tumewaona watoto wamefungwa blanketi saa saba mchana, uso mwekundu, jasho kichwani, na mama anadhani anafanya vizuri.

Vipo vitu ambavyo tukiviona kwenye kapu lako tutakuomba uvirudishe. Chupa za kunyonyeshea ni cha kwanza. Mtoto anatakiwa awekwe ziwani ndani ya saa moja ya kwanza, apate ile dang'a ya njano, na aendelee na maziwa ya mama peke yake miezi sita, bila hata maji. Ikitokea sababu ya kufanya vingine, mtaalamu atakuelekeza, na duka halihami. Poda pia: ile vumbi yake inaingia kwenye mapafu ya mtoto. Mafuta yenye manukato makali hatumshauri mtu. Kuhusu kitovu, tunaulizwa mara nyingi kipakwe nini, na jibu letu ni kwamba kisipakwe chochote ambacho kliniki haijakupa. Si mawese, si mafuta ya mise (kokwa za mchikichi), si jivu, si mate. Kiachwe kikavu, nepi ikunjwe chini yake, na kitadondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Beseni la kuogea nalo libaki nyumbani, kwa kuwa mtoto hatakiwi kuogeshwa mapema, walau saa 24 zipite kwanza.

Chandarua tunauza, ila waulize kwanza kliniki, kwa sababu wajawazito hupewa chenye dawa bila malipo wanapoanza mahudhurio. Kama umepata cha kwao, fedha hiyo inunulie nepi.

Tunawajua pia akina mama ambao wakwe au bibi zao hawataki nguo ya mtoto iingie nyumbani kabla hajazaliwa. Hatubishani na wazee. Begi lako tutalipanga, tutaliandika jina, na litakaa kwenye rafu yetu ya juu mpaka utakapolihitaji. Unachokwenda nacho nyumbani ni kanga tu, na kanga ni za mama. Siku ya uchungu mtu wako aje alichukue. Hata ikiwa usiku, atubishie hodi, tunalala nyuma ya duka.

Kwa wanaotoka vijiji vya ziwani, Mtanga, Mwamgongo, Kagunga na huko kusini pia, begi la zipu hatulipendi. Boti likipigwa na mawimbi, maji yanaingia, na mama anashuka kwenye mwalo wa Kibirizi hapa mjini na nguo za mtoto zilizolowa. Nyinyi tunawafungashia kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaokaza. Chini tunaweka nguo za kurudia nyumbani, katikati nepi na pedi za mama, juu yake kanga zilizofuliwa na kofia, na juu kabisa kadi ya kliniki. Ukishafika, ndoo hiyo hiyo inakuwa ya maji ya kuoga, na baadaye ya kulowekea nepi. Tunawaomba pia msisubiri uchungu ndipo mpande boti, hasa Juni hadi Agosti kusi inapovuma na ziwa kuchafuka. Mimba huhesabiwa kuwa imetimia kuanzia wiki ya 37, kwa hiyo wiki ya 36 mama na ndoo yake wawe tayari karibu na kituo, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito kama ipo.

Malipo ni mdogo mdogo. Ukianza mwezi wa tano wa mimba, unaleta ulichonacho kila ukitoka kliniki, tunakiandika kwenye daftari na wewe unaondoka na nakala. Akina baba wanakaribishwa. Wengi huja wamekariri neno "pampasi" peke yake, na tunawapa kiti na kuwapitisha kwenye orodha yote taratibu. Nguo ambayo haijafuliwa wala kuvaliwa unaweza kuirudisha ndani ya miezi miwili, kwa sababu wifi na mashangazi nao wataleta zao, na zote zitakuwa za saizi ile ile ndogo.

Ukija, njoo na kadi yako ya kliniki yenye tarehe ya matarajio, orodha ya kituo, na kanga zozote kuukuu ulizonazo. Tutazidondoshea maji pamoja hapo kaunta, ndipo tuhesabu zinazopungua.