Kabla ya kusema dutu P haifanyi kazi

Raskazone, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi kwako na kwa wa nyumbani. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia umechagua peptidi za neva (minyororo mifupi ya asidi amino inayobeba ujumbe) na mishipa ya moyo. Umeuliza uanzie wapi. Anza na hili: peptidi hupotea. Siku mshipa ukikataa kulegea, shuku kwanza kwamba dutu P, peptidi inayoulegeza, haikuufikia.

Iliwasumbua hata wakubwa. Von Euler na Gaddum waliieleza mwaka 1931, baada ya dondoo la ubongo na utumbo wa farasi kushusha presha ya sungura, lakini mpangilio wa asidi amino zake 11 haukujulikana mpaka 1971, kwa kazi ya Michael Chang na Susan Leeman. Leeman alikuwa akisaka kitu kingine kabisa, kichocheo cha ubongo kinachoamsha ACTH (homoni inayosukuma tezi za juu ya figo), akaona dondoo lake linamtoa panya mate. Hakulitupa. Mwaka 1973 yeye na Carraway wakaieleza neurotensini, peptidi nyingine, waliyoing'amua kwa jinsi mishipa ya ngozi ya panya ilivyotanuka. Mate na ngozi: vipimo vya kawaida mno, ila alikuwa akivitazama kwa makini. Kipimo chako wewe ni pete ya mshipa: kipande kinachotundikwa ili uone kinavyokaza na kulegea.

Moyo wa ng'ombe utaupata machinjioni alfajiri. Usiulaze juu ya barafu tupu, nyama itaganda. Uzamishe kwenye maji ya Krebs (maji ya chumvi yanayofanana na ya mwilini) yaliyopoa, na chombo ndicho kikae barafuni. Maji hayo kwa milimola ni kloridi ya sodiamu 118, kloridi ya potasiamu 4.7, salfeti ya magnesiamu 1.2, fosfeti ya potasiamu 1.2, bikaboneti ya sodiamu 25, glukosi 11 na kloridi ya kalsiamu 2.5. Kalsiamu iwe ya mwisho, gesi ya oksijeni 95% na kabonidayoksaidi 5% ikiwa imeshapita vya kutosha. Ukiitia mapema maji yanakuwa meupe kama ya chokaa; hayo mwaga.

Kata ateri ya koronari, mshipa unaoulisha moyo wenyewe, pete za milimita 3, na kibano kisiguse upande wa ndani, maana tabaka la ndani likikwanguka dutu P haina wa kumpa ujumbe. Tundika pete ndani ya bafu la Krebs lenye nyuzi joto 37, uzipe saa moja na nusu zitulie, ukibadilisha maji kila dakika 15. Kuzikaza tumia U46619, kemikali inayobana mishipa, si potasiamu nyingi: potasiamu huzuia seli kubadili chaji yake, na sehemu kubwa ya kulegea hupitia njia hiyo. Halafu jaribu bradikinini, peptidi nyingine inayolegeza mshipa, nanomola 100. Pete isiyolegea hapo, iweke kando.

Peptidi yenyewe ndiyo yenye visa. Ukiagiza, hakikisha mkia wake, yaani mwisho wa mnyororo, una amidi (kundi lenye nitrojeni badala ya asidi). Yenye asidi huru mkiani karibu haina nguvu. Kichupa kikitoka kwenye friza kiache kipate joto la chumba kabla ya kukifungua, la sivyo unga utavuta unyevu, na unyevu wa Tanga unaujua. Soma cheti: miligramu 1 ya unga huwa na chumvi na maji ndani, peptidi halisi ni pungufu. Kama ingekuwa safi, miligramu 1 ndani ya mikrolita 742 ingetoa milimola 1. Yeyusha kwa asidi asetiki hafifu, gawa kidogo kidogo, hifadhi kwenye nyuzi -80, na kila mgao uyeyushwe mara moja tu. Methionini ya mkiani huharibiwa na oksijeni.

Kuzimua, tumia Krebs yenye albumini (protini inayofunika kioo) 0.1%, kwa sababu dutu P hung'ang'ania kioo. Albumini usiitie kwenye bafu lenyewe. Gesi itaijaza povu. Mikrolita 10 za mikromola 10 ndani ya bafu la mililita 10 hukupa nanomola 10.

Usipandishe dozi juu ya dozi. Vipokezi vya NK1, vinavyoipokea dutu P, huzoea upesi, na mchoro wako utakuwa wa uongo. Dozi moja, osha, subiri, kisha nyingine. Ikiwa bado jibu ni hafifu, tia kaptoprili, dawa ya presha inayozuia kimeng'enya cha ACE, mikromola 1: ACE iliyo kwenye ukuta wa mshipa huikata peptidi hii, kama inavyoikata bradikinini. (Ndiyo maana baadhi ya wagonjwa wa presha wanaotumia dawa za aina hiyo hukohoa, kwa maelezo yanayokubalika zaidi.)

Ukija, njoo na mirija ya plastiki isiyoshika protini. Gesi tutaagiza huku.

Wako,
Rehema