Koti moja zito halitoshi

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua. Kurasa za mavazi huonyesha rangi na mkato, lakini hazisemi nguo imetengenezwa kwa nyuzi gani, ina uzito gani, wala imeshonwaje. Kwa mtu anayetoka asubuhi kukiwa na baridi, akapigwa na jua mchana na kurudi jioni na mvua, hayo matatu ndiyo yanayoamua kama nguo itamfaa miezi sita au miaka sita.

Kosa tunaloliona zaidi ni kutegemea koti moja zito. Ukitembea kwa haraka ndani yake unatoka jasho, jasho linalowesha nguo ya ndani, na ukisimama kidogo unaanza kutetemeka. Sababu ni kwamba joto la mwili hulindwa na hewa iliyotulia kati ya nguo na nguo, na maji hupitisha joto takriban mara 25 kuliko hewa hiyo. Afadhali nguo tatu nyepesi: ya ndani iondoe jasho, ya kati ishike hewa, ya nje izuie upepo na mvua. Unavua moja, unabaki na mbili. Sharti ni kwamba ya nje iwe na nafasi. Ijaribu ukiwa umevaa sweta, kisha nyoosha mikono mbele kama mtu aliyeshika usukani wa baiskeli. Mgongo ukibana, au mkono wa koti ukipanda zaidi ya vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, chukua saizi inayofuata.

Kuhusu nyuzi, pamba ina sifa ambayo wengi hawaijui: ikilowa huongezeka nguvu, ndiyo maana huvumilia kufuliwa kwa kusuguliwa. Tatizo lake ni kwamba hushika maji na kuchelewa kukauka, kwa hiyo siku ya baridi na mvua isigusane na ngozi. Viskosi, nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na mti, ni kinyume chake. Huteleza vizuri mwilini, lakini ikiwa mbichi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na anayeikamua kwa kuisokota anaichana mwenyewe. Sufu hubeba unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa. Kwa nguo ya kati hatujaona inayoipita. Poliesta hainywi hata asilimia 1 ya uzito wake, hukauka upesi, ila hushika mafuta ya mwili na harufu yake. Shati la kazini la pamba asilimia 65 na poliesta asilimia 35 ni chaguo la busara. Elastani, yaani nyuzi zinazonyumbuka kama mpira, kwenye suruali asilimia 1 au 2 inatosha. Ikizidi sana, suruali inakuwa laini dukani lakini magoti yanavimba mapema, kwa kuwa nyuzi hizo huharibiwa na joto la pasi na klorini ya dawa za kung'arishia.

Lebo ikiwa imeng'olewa, toa nyuzi chache kwenye upindo wa ndani, zishike kwa kibanio juu ya sahani yenye maji, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na masalia yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa tone gumu. Ukiona jivu na tone pamoja, ni mchanganyiko.

Uzito wa kitambaa hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Fulana nzuri ya kila siku ina gramu 180 hadi 200; chini ya 140 ukiingiza mkono ndani unauona. Shati ni 120 hadi 150, suruali ya kaki 250 hadi 300, jinzi 400 hadi 450. Wapo wanaoamini kwamba kizito ndicho kinachodumu. Jinzi ya gramu 450 katika wiki ya mvua inaweza kushinda kambani siku mbili, ikanuka uvundo na kuota ukungu. Suruali mbili za kaki zitakufaa zaidi.

Sasa mshono, na hapa tunaomba msomaji awe mkali. Geuza nguo ndani nje kabla hujaitazama kwenye kioo. Hesabu hatua za sindano katika sentimita 2.5: shati liwe na 10 hadi 12, jinzi 7 hadi 9. Zikiwa chache mno mshono hufumuka. Zikisongamana mno kwenye kitambaa chepesi, sindano huwa imetoboa mstari ambao nguo itachanikia. Vuta pande mbili za mshono kwa dole gumba: ukiona mwanga katikati, iache. Kwenye mapaja ya ndani na kwapani tafuta mshono uliokunjwa na kushonwa mistari miwili, bila ncha ya kitambaa kuonekana. Ovaloki, mshono wa kuzungushia ncha ya kitambaa, peke yake haitoshi sehemu hizo. Pembe za mifuko ziwe zimekazwa kwa mshono mfupi wa kurudiarudia. Nyuma ya kiuno pabaki sentimita 2 za akiba, maana mwili hubadilika na fundi hawezi kupanua kitambaa ambacho hakipo. Uzi uwe wa poliesta hata kama nguo ni ya pamba tupu, kwa kuwa uzi wa pamba hudhoofishwa na jasho na suruali hupasuka kitambaa kingali kizima.

Koti la mvua ndilo linalolalamikiwa kuliko nguo zote, mara nyingi kwa kuonewa. Namba iliyoandikwa kwenye lebo, tuseme milimita 10,000, ni kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa kilihimili kwenye kipimo kabla ya kupenyeza. 5,000 hutosha manyunyu, 10,000 mvua ya kawaida ya muda mrefu. Namba hiyo haina maana kama mishono haikuzibwa kwa utepe upande wa ndani. Koti linapoanza kunywa maji juu, watu husema linavuja. Kilichochoka ni ile dawa ya juu inayofanya matone yateleze. Kitambaa kikilowa, mvuke wa jasho hauna pa kutokea na unaganda ndani. Lifue kwa sabuni laini, suuza mara mbili, usitie kabisa dawa ya kulainishia nguo, lianike. Likikauka, lipige pasi ya joto la chini, kitambaa kikavu kikiwa kati ya pasi na koti, kama lebo inaruhusu. Mara nyingi matone huanza kuteleza tena. Lakini utando wa ndani ukianza kubanduka kama ngozi iliyoungua na jua, hapo hakuna tiba: unyevu umeuvunja. Koti la mvua likunjwe likiwa kavu tu, na likae limetundikwa.

Kwa anayefua mara moja kwa wiki, tunapendekeza fulana 6, mashati 4, suruali 3, sweta 2 (jepesi na zito), koti la upepo 1, koti la mvua 1, soksi jozi 8 na viatu jozi 2. Anayevaa sketi au magauni abadilishe kwa idadi hiyohiyo. Kila suruali ikubaliane na kila nguo ya juu. Isiyokubaliana hata na moja ndiyo inayobaki kabatini bila kuvaliwa. Viatu vibadilishwe siku kwa siku, kwa kuwa ngozi huhitaji saa 24 kutoa jasho la jana. Vikilowa, vijazwe karatasi za gazeti na kukaushwa kivulini. Moto hupasua ngozi na kuachanisha gundi ya soli.

Sufu ihifadhiwe ikiwa safi, maana viwavi vya nondo hupenda mahali penye jasho na chakula. Sweta lisitundikwe, hurefuka mabega. Na kiraka cha paja la ndani kiwekwe pale kitambaa kinapoanza kupitisha mwanga, kabla ya tundu. Kizidi sehemu iliyochoka kwa sentimita 2 kila upande, na kifuliwe kwanza. Kisipofuliwa hurudi baadaye na kuivuta suruali ikajikunja.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni mstari mmoja chini ya kila picha ya mavazi, kwa mfano: "Shati, pamba 65, poliesta 35, gramu 130, mshono wa kwapa mistari miwili." Mpiga picha anayo nguo mkononi, na kuigeuza ndani nje ni kazi ya dakika moja.

Wasomaji wako,
Mafundi cherehani