Mwanga kupitwa si lazima wakati urudi nyuma

Mhariri,

Naomba nafasi nitie neno kuhusu makala yenu iliyodai kwamba kitu kikiushinda mwanga kwa kasi hutoweka machoni na kurudi zamani. Mwandishi amechanganya mambo mawili, na wanaosoma fizikia wanaweza kupotoka.

Kikomo cha kilomita 299,792 kwa sekunde ni cha mwanga ulio katika ombwe, yaani mahali pasipo na kitu chochote, hata hewa. Ndani ya maji mwanga hupungua kasi hadi kilomita 225,000 hivi kwa sekunde, na hapo elektroni yenye nishati kubwa huweza kuupita. Ikiupita haitoweki; badala yake maji yanang'aa. Anayechungulia bwawa la kinu cha nyuklia huona mng'ao wa buluu umezizunguka fimbo za fueli, kwa kuwa kila elektroni inayopita huacha nyuma mawimbi ya mwanga yaliyorundikana, sawa na mshindo wa ndege iliyoishinda sauti. Mwanafizikia Pavel Cherenkov aliuchunguza mwanga huo mwaka 1934, Ilya Frank na Igor Tamm wakaueleza mwaka 1937, na wote watatu wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Hakuna saa iliyorudi nyuma.

Katika ombwe mambo ni mengine. Kwa nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1905, kitu chenye masi kila kinapoikaribia kasi ya mwanga hudai nishati zaidi, tena bila ukomo, hivyo hakiifikii kamwe. Tukijalia kwamba ujumbe umeivuka kasi hiyo, wapo watazamaji ambao kwao ungepokelewa kabla ya kutumwa, na jibu lililorudishwa kwa njia iyo hiyo lingeweza kumkuta mtumaji hajatuma kitu. Mkanganyiko huo, ambao makala imeugeuza kuwa nauli ya kwendea zamani, ndio unaowatia wanafizikia shaka.

Ndiyo maana mwaka 2011, watafiti wa jaribio liitwalo OPERA walipopima kasi ya nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya ardhini, kutoka CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, hadi Gran Sasso nchini Italia, kilomita 730 hivi, wakaona zimeutangulia mwanga kwa nanosekunde 60, waliwaomba wenzao wawakague kabla ya kudai lolote. Mwaka 2012 ikabainika kwamba kebo ya nyuzi za mwanga iliyohusika na upimaji wa muda haikukazwa vizuri.

Ninaomba toleo lijalo lichapishe sahihisho, likieleza wazi kwamba kikomo kinachozungumzwa ni cha ombwe.

Msomaji wenu