Kwa mdogo wangu: usimwite asome mbele ya wageni

Mdogo wangu,

Kwenye simu huwa hunipi nafasi nimalize, kwa hiyo nakuandikia hapa. Mwanao nimemwomba ruhusa. Kakubali, ila kasema nisitaje jina lake.

Jumapili ile ulimwita sebuleni asome kichwa cha habari gazetini. Najua ulitaka tuone alivyopiga hatua. Akakwama neno la pili, binamu yake akammalizia, watu wakacheka. Hata mimi nilitabasamu, na bado inaniuma.

Likizo ya Juni alinisomea ukurasa mzima bila kukosea. Nikampigia makofi. Kisha nikafunika ukurasa kwa kiganja, nikamwachia neno moja tu: "dada". Akasema "baba". Kumbe ukurasa wote alikuwa ameukariri kwa kumsikiliza dada yake! Mtoto mvivu atajitesa hivyo ili tu asichekwe?

Kuchanganya b na d ni kawaida kwa wadogo, lakini huyu ana miaka tisa. Huenda ni hali inayoitwa disleksia: akili ni nzima, tatizo ni kuoanisha sauti na herufi. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, watoto wengi wa aina yake hatimaye husoma sawasawa, ila polepole mno, na mwalimu mwenye darasa lililofurika anaona uzembe tu. Kiingereza kitamsumbua zaidi, jiandae.

Na lile tumbo. Umeshampa dawa ya minyoo mara mbili. Hebu angalia siku: linauma Jumapili jioni, likizo haliumi kabisa. Ile ni hofu, mama. Kiboko kitaiongeza.

Jioni msomee wewe, yeye afuatishe kwa kidole, mkiwa wawili tu. Dada yake usimtolee mfano. Muombe mwalimu wa darasa asimshtukize kusoma kwa sauti. Amwambie tangu jana yake ni aya ipi. Ulizia pia mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wale wanaotoka Chuo cha Patandi, Arusha. Upimaji wa darasa la nne unakuja, na Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, kwa hiyo mwone mwalimu mkuu mapema, usingoje wiki ya mtihani.

Nikija Jumapili, mwache anionyeshe ile baiskeli aliyoirudishia mnyororo. Gazeti tutasoma wenyewe.

Dada yako